Prefe na Ndege Isiyouzwa

Asubuhi ile nilitoka Katuba, mtaa wa Lubumbashi, bila kujua ninakokwenda. Nilikuwa nimegombana na mwenye chumba changu, nikaona heri niitembeze hasira kuliko kukaa nayo mlangoni. Nilifuata barabara mpaka lami ikaisha, nikashika njia ya vumbi jekundu inayopita kati ya mashamba ya mahindi ya Annexe, pembezoni mwa mji, na pale nyumba zinapoanza kuachana nafasi nikamwona mzee mwenye kravati anaosha ndege ya vita.

Ilikuwa imelala kwa tumbo kwenye majani, bila magurudumu, bila injini. Kioo cha juu kilikuwa kimevunjika zamani. Mahali alipokaa rubani palitoka kuku, akafuata mwingine, wakashuka kwenye bawa wakitembea kama watu waliolipa nauli. Mzee hakuwatazama. Alichovya kitambaa kwenye ndoo, akakikamua, akaendelea kupangusa mkia.

"We, usisimame bure," aliniambia. "Leta mayi ingine."

Nikaleta. Hakuniuliza jina, nami sikumuuliza lake. Watu wote walimwita Prefe, kwa sababu alikuwa amesimamia shule ya sekondari mpaka akastaafu, na kwetu cheo hicho hakivuliwi. Mimi aliniita Eleve, yaani mwanafunzi, ingawa niliacha shule mapema na yeye hakuwahi kunifundisha hata siku moja. Nilipomwambia hivyo, alisema: "Njo maana. Haukumaliza."

Mimi si mtu wa kukaa mahali. Nimelala Likasi, Kolwezi, Kasumbalesa, na vituo vingine ambavyo majina yake nimesahau. Lubumbashi nilikaa muda mrefu kuliko miji yote, na nikijiuliza kwa nini, jibu ni moja: nilitaka kuona kama mzee yule ataweza kuitoa ndege ile pale ikiwa nzima.

Hicho ndicho alichokitaka, na hakukuwa na kingine. Aisafirishe kutoka Annexe mpaka uwanja wa shule moja katikati ya mji, aiwekee paa la mabati, watoto waje kuitazama. Ilikuwa ndege ya wakati Katanga ilipojitenga. Vita vilipokwisha iliachwa, ikasukumwa porini, na miaka mingi baadaye dereva mmoja wa lori akaikokota mpaka kwenye parsele yake, kiwanja cha nyumba yake. Dereva alitaka bati. Bati likawa gumu kulikata kwa vifaa alivyokuwa navyo, akaigeuza banda la kuku. Alipofariki, ndege ikabaki kwa mjane wake, ambaye sote tulimwita Mama wa Parsele.

Aliwahi kufika Mzungu mmoja, mpenzi wa ndege za zamani, aliyekuwa anapita mjini kwa kazi nyingine. Alizunguka ile ndege akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Alisema hakufikiri kwamba kuna iliyobaki huku. Akapiga picha, akasema atarudi, na sijui kama alikumbuka hata njia. Lakini tangu siku hiyo Prefe aliongeza neno katika hotuba zake: "Hakuna ingine mu Katanga muzima!"

Hotuba zilikuwa nyingi. Alihutubia muuza mikate, alihutubia walinzi wa benki, alihutubia watu waliokuwa matangani. Alivaa viatu vya ngozi vyeusi hata wakati wa mvua, wakati udongo wa Annexe unang'ang'ania mguu mpaka unatembea kama mfungwa, na alikuwa na kitambaa cha viatu katika mfuko mmoja na brashi ndogo ya rangi katika mfuko wa pili. Brashi ile ilikuwa ya kusahihisha mabango. Akiona kibanda kimeandikwa Kifaransa kibovu alisimama, akafungua kikopo cha rangi, akaongeza herufi iliyokosekana. Kinyozi mmoja alitoka na mkasi mkononi.

"Papa, nani alikuita?"

"Makosa ndiyo iliniita."

"Banakuya tu kunyolewa hapa! Habakuye kusoma!"

Prefe alimaliza herufi yake, akapuliza rangi ikauke, akamwambia kinyozi kwamba hahitaji kumshukuru.

Ukimshinda, hakukubali kwamba ameshindwa. Alisema tu: "Kesho minavaa kravate." Maana yake ni kwamba kesho ataingia ofisini. Na aliingia, kweli. Niliandamana naye mara nyingi kiasi kwamba walinzi wa milango walianza kunisalimia mimi kwanza ili wasimsikie yeye.

Katika ofisi ya kwanza, ya utamaduni, karani mwenye sauti nzuri alimwambia: "Papa Prefe, ile ni ndeke ya vita. Enda ku basoda. Siye tunashughulika na ngoma, masanamu, vitu vya bankambo, babu zetu ba zamani."

Kwa askari tulikaa kwenye benchi nje, juani. Afisa mmoja alitoka, kijana kuliko mimi, akamsikiliza mpaka mwisho kwa heshima.

"Papa," alisema, "ile ndeke haikuwa ya kwetu. Ilikuwa inatupiga siye. Sasa unataka tuitunze?"

"Haipige tena mutu. Iko na bakuku ndani."

"Basi iko ya bakuku."

Walinzi wakacheka, afisa akacheka, na mimi, nakiri, nilicheka. Prefe alingoja tumalize. Kisha akauliza ofisi ya kuandika barua ya kukataa iko wapi, maana alihitaji kukataliwa kwa maandishi ili aende nako kwingine. Hakuna aliyekubali hata kumkataa. Ofisi ya tatu ikamwambia kitu kilicho juu ya ardhi ya mtu ni suala la ardhi. Ya nne, ya ardhi, ikamwambia ndege si jengo.

Hapo ndipo nilipoanza kumchukia kidogo. Kwa sababu Mama wa Parsele alikuwa ameshampa! Siku ya kwanza kabisa alimwambia mbele yangu: "Chukua, Prefe. Lakini unijengee kwanza nyumba ya bakuku." Basi. Hakutaka kingine. Nilijua fundi aliyekuwa tayari kufanya banda kwa mbao za zamani. Nilijua dereva wa lori la mizigo aliyerudi mtupu kutoka mashambani kila juma, mtu wa kanisa moja na Prefe, aliyesema ataibeba kwa ajili ya Mungu. Vijana wa kuinyanyua wangetoka popote penye pombe.

"Prefe, tuibebe Siku ya Posho," nilimwambia, yaani Jumamosi.

"Bila otorizasio?"

"Nani atauliza?"

"Mimi ndiye nitauliza."

Alikuwa na imani kwamba kitu kilichohamishwa bila muhuri ni kitu kilichoibwa, na alitaka ndege iingie shuleni kwa mlango mkubwa, wimbo ukiimbwa. Banda la kuku nalo hakulijenga. Kila juma alisema ataleta misumari. Mtu aliyeweza kupigana na ofisi nne hakuweza kupigilia mbao nne, na nilimwambia hivyo.

Lazima niseme pia kwa nini mtu huyu na ndege hii. Wazazi wake walikuwa watu wa Kasai. Alipokuwa mtoto, ndege ile, au nyingine ya aina yake, ilipita chini juu ya mapaa mahali walipokuwa wamekimbilia, na mama yake akawalaza chini watoto wote akawafunika kwa kitenge. Alinieleza siku moja tu, akiwa amekaa kwenye bawa anakula muhogo wa kuchemsha.

"Kitenge!" alisema. "Alifikiri kitenge itazuia risasi. Na mimi nilimwamini. Chini ya kile kitenge sikuogopa tena. Niliogopa sauti tu."

"Na sasa unaiosha."

"Nataka batoto bakae juu yake, bakule maembe, bachafue. Njo itakuwa imeisha."

Wenzake wa Kasai hawakumwelewa. Baada ya misa walimdhihaki: "Iko anapangusa ile ilitulaza mu majani! Kesho ataipikia." Majirani wa Annexe, wengi wao watu waliotoka kaskazini ya Katanga, wana wa wachimba migodi na wafanyakazi wa reli, walimwuliza kwa ubaya kidogo mtu wa Kasai anatafuta nini katika ndege ya Katanga. Kwa pande zote mbili jibu lake lilikuwa ni kuwapa kitambaa na kuwaonyesha mahali penye uchafu. Wachache walipangusa.

Na bado, mtoto akisogea, Prefe alipuliza filimbi. Alikuwa nayo shingoni kutoka shuleni. "Tokeni! Mutaivunja! Hii ni historia!" Watoto walikimbia, wakajificha katika mahindi, wakamwimbia jina la matusi nisiloweza kuliandika. Nilimwambia, si ulisema unataka wakae juu yake? Alisema: "Ikifika ku shule." Kuku tu ndio walioruhusiwa, kwa vile walikuwa na haki ya nyumba.

Halafu wakaja watu wa mitraye, yaani wanunuzi wa chuma chakavu. Walikuwa wawili na mkokoteni. Mmoja alipiga ubavu wa ndege kwa kidole kilichokunjwa, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mama wa Parsele akawaambia ndege ina mwenyewe, wakaondoka bila ugomvi. Ningekuwa mimi, ningeita lori siku ile ile. Prefe alikwenda kununua rangi.

Anayeijua Lubumbashi anajua maandishi yale. Unapita mtaani unaona ukutani, kwa herufi kubwa nyekundu: nyumba hii haiuzwi. Mtu huandika hivyo wakati kaka zake wanataka kuiuza nyumba ya marehemu baba kwa siri, au mjomba amekwisha kuchukua pesa ya mnunuzi, au mke na wakwe hawapatani. Yanaandikwa ili kumfukuza mnunuzi. Lakini sisi sote tukipita tunasoma kitu kingine: humu ndani kuna vita, na kuna anayetaka kuuza. Makomisionere, wale wa kutafutia watu nyumba, wanazipenda kuta hizo. Wakiona rangi bado mbichi wanabisha hodi.

Prefe alikuwa ameishi mji ule maisha yake yote. Alizisoma kuta hizo kila siku, na nyingine alizisahihisha. Jumapili alikuja na kikopo na brashi kubwa, akavua koti, na kwenye ubavu wa ndege unaotazama njia akaandika kwa Kifaransa kisicho na kosa hata moja: AVION À NE PAS VENDRE. Akazunguka, akaandika na upande wa pili.

"Prefe," nilisema, "watu watafikiri inauzwa."

"Eleve, soma. Imeandikwa nini?"

"Imeandikwa haiuzwi."

"Sasa?"

 Hilo ndilo lililoniudhi miaka ile yote kwa mtu yule: alikuwa sahihi katika kila neno.

Mpaka siku ile wapita njia waliona banda la kuku. Tangu siku ile waliona mali. Komisionere wa kwanza alifika kabla ya rangi kukauka vizuri, akamwuliza Mama wa Parsele nani anamsumbua na kama anahitaji msaada. Wa pili alikuja na mnunuzi. Habari ikatembea, na kama habari zote za aina hiyo ikafika kwa watu ambao haikupaswa kuwafikia: kaka za marehemu dereva, ambao hawakuwa wamekanyaga parsele ile tangu matanga.

Walikuja watatu, wamevaa vizuri, wakakaa kwenye viti vya plastiki. Nilikuwepo, nakata majani kuzunguka mkia.

"Shemeji, tumesikia unauza ndeke ya kaka yetu."

"Siuzi. Imeandikwa."

"Tumeona imeandikwa. Mutu anaandika vile kama hakuna mutu anauza?"

"Ni Prefe aliandika."

"Ah! Sasa Prefe eko nani mu familia?"

Mama wa Parsele aliangalia chini. Mjane peke yake kwenye parsele, mwanamume asiye ndugu anakuja kila Jumapili na kravati. Hakukuwa na jibu ambalo lisingemharibia zaidi. Walisema wanaweza kuzungumza na habari ya parsele pia, kwa kuwa wamefika. Hapo akainua kichwa.

"Chukueni ndeke," alisema. "Mukate, mugawane, muende. Parsele munaniachia."

Nilikimbia mpaka kwa Prefe, mbali, karibu na katikati ya mji. Alikuwa anasubiri katika ofisi ya tano. Mlinzi hakuniruhusu kuingia kwa sababu ya ndara zangu. Nilimngoja nje mpaka ofisi ikafungwa, naye akatoka anatabasamu: walimwambia dosie yake ya maombi imepokelewa.

Nilimweleza, lakini giza lilikuwa limeingia; tulipofika Annexe kesho yake walikuwa wamekata usiku kucha. Paliachwa umbo lake kwenye majani, meupe yaliyolala, na wadudu wanakimbia kutafuta giza. Kuku walisimama kandokando wasijue pa kuingia. Mama wa Parsele alitoka na ufagio.

"Ungeiacha na bakuku bangu, Prefe," alisema. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali.

Prefe alizunguka lile umbo lote kwa nje, bila kulikanyaga. Kisha akaniambia twende, tukaenda kwa wanaoyeyusha aluminiumu kutengeneza masufuria. Tulipita kwao mmoja mmoja, kati ya moshi na mashimo ya mchanga wanamomimina. Alikuwa anauliza kama kuna kipande chenye maandishi mekundu. Kijana mmoja aliyekuwa anakoroga chungu cha moto kwa chuma kirefu alimjibu bila kugeuka:

"Papa, mu moto yote ni aluminiumu."

"Ilikuwa ndeke."

"Inawezekana. Sufuria ngapi unataka?"

Siku ile hakusema kesho atavaa kravati. Nilimsindikiza mpaka mlangoni kwake, na njiani tulipita bango lenye kosa ambalo hata mimi niliweza kuliona. Alipita.

Baada ya hapo nilirudia maisha yangu ya kuzurura, na niliposikia tena habari zake niliambiwa amehamia Pweto kwa binti yake, anayefanya biashara ya samaki waliokaushwa. Sikumfuata. Ni mwaka huu tu, asubuhi nyingine ya kukosana na mwenye nyumba mwingine, nilipanda lori nisiloliuliza linakwenda wapi, nikakaa juu ya makreti matupu, na tulipokuwa mbali ndipo nikaambiwa kwamba makreti yanakwenda kujazwa samaki Pweto.

Sikuwa nimewahi kufika huko. Lori lilituteremsha jioni, jua bado likiwa juu ya ziwa, na harufu ya samaki imetanda mpaka kwenye nguo za watu. Niliuliza pa kulala, mama mmoja akanielekeza kwenye nyumba ambako wafanyabiashara hupanga vyumba. Uani, kwenye mchanga ambako wanawake huanika samaki, palikuwa na kelele.

"Papa! Sasa samaki yetu tuweke wapi?"

"Sogezeni. Sogezeni tena. Bawa haijafika."

Alikuwa yeye. Hakuwa na viatu. Alikuwa amekonda, ameshika mpini wa jembe, anachora mstari mchangani, na watoto wa ua wanamfuata nyuma wakimwuliza maswali. Mmoja wao alikuwa amemwuliza ndege yake ilikuwa kubwa namna gani, basi anaonyesha. Mikeka ya samaki ilikuwa imesukumwa mpaka ukutani. Mstari ulitoka mlango wa jikoni, ukapita kisima, ukazunguka, na mkia ulikuwa umeishia nje ya lango, barabarani.

Nilisimama nikiangalia. Nilikuwa nimeosha ndege ile Jumapili nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nilijua bawa linaanzia wapi na kuishia wapi. Ile aliyoichora ingebeba ua mzima pamoja na sisi.

"Prefe," nilisema, "haikuwa kubwa hivi."

Aligeuka. Alinitambua, kwa sababu hakushangaa. Aliangalia mstari wake mpaka barabarani, kisha akaniangalia mimi.

"Nilikuwa mudogo," alisema.

Binti yake alitoka jikoni anapangusa mikono, akaniuliza kama mimi ni mpangaji, nikasema ndiyo. Alinionyesha chumba: kitanda, msumari wa kutundika nguo, dirisha la kutazama uani. "Begi weka juu ya msumari, kuko panya," alisema. "Na usimuhubirie papa habari ya ndeke, hatalala." Niliweka begi. Nilipotoka kuomba maji ya kuoga, watoto walikuwa wamekaa ndani ya mstari, wawili mbele, wengine wote nyuma, wanakula, na mama zao waliokwisha kuchoka kungoja walikuwa wanaanika samaki upya wakiwazunguka.